Geti si sanduku, kijana, usizipange pamoja

Ukipita Kamukunji, Nairobi, kabla ya shule kufunguliwa Januari, utaona masanduku ya bati yamepangwa hadi njiani. Fundi hakungoja oda. Anajua wanafunzi wa bweni watayahitaji. Lakini geti? Fundi mwerevu hachomelei geti kabla ya kupewa vipimo.

Sasa wewe umefungua karakana, ukanunua programu ya kupanga uzalishaji, halafu bidhaa zote ukazitia kapu moja. Hapo, ndugu yangu, unajitafutia hasara. Ukiandikisha geti kama bidhaa ya stoo, programu itakwambia utengeneze jingine kila unapouza moja. Pesa zako zitabaki zimeegemea ukuta, zikishika kutu. Nalo sanduku likisubiri oda, mzazi atanunua kwa jirani.

Kwa hivyo, kabla ya kubonyeza chochote, jiulize: mteja atakubali kungoja? Asipokichukua, kitamfaa mwingine? Kinachotakiwa papo hapo na kinachofaa wengi, kiwekee kiwango cha chini cha stoo. Cha mtu mmoja, chukua arubuni kwanza, ndipo ununue vyuma.

Programu inajua kuhesabu tu. Soko unalijua wewe.