Kipupwe Hakichelewi: Wito kwa Wenye Magari ya Umeme na Mafundi wa Majengo



Mgeni akitajiwa Dodoma huwaza jua, vumbi na zabibu. Sisi tunaodamka mwezi Juni tunalijua na lingine. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi hauna wingu la kuufunika. Upepo wa kipupwe ukianza kuvuma kutoka kusini-mashariki, alfajiri pale soko la Majengo joto hushuka hadi nyuzi 13 hivi, na mama anayepokea matenga ya nyanya huwa amevaa sweta, juu yake sweta, na juu yake shuka.

Alfajiri moja ya namna hiyo nilipanda gari la umeme kwenda Mtumba. Dereva, kijana wa umri wa wanangu, aliniamkia huku akifuta kioo cha mbele kwa kitambaa. "Shikamoo baba. Utanisamehe, hita imegoma." Kila alipofuta, ukungu ulirudi. Hatukufika mbali, tukakata kona kuingia gereji ya mtaani.

Fundi alifunua boneti, akatazama, akakuna kichwa. Ni mtu aliyefufua injini nyingi zilizokwisha kuliliwa. Akachukua koleo, akaunyooshea mkono waya mnene wa rangi ya chungwa. "Tuufuate huu tuone unaenda wapi." Kijana akamdaka mkono. "Huo hapana, fundi. Huo una umeme wa kuua."

Fundi akarudisha koleo kwenye boksi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema maneno yaliyonifanya niandike wito huu: "Basi huo siujui. Tuanze na ninachokijua." Akafungua kidroo cha mbele ya abiria, akachomoa chujio la hewa. Lilikuwa limeshiba vumbi, jekundu na zito kama tofali bichi. Lilipobadilishwa, feni ikavuma na joto likatoka. Safari ikaendelea.

Magari ya umeme bado ni machache kwetu, lakini yanakuja, na kipupwe hakingoji tuyazoee. Naomba tujipange mapema, kila mtu kwa nafasi yake.

Tuelewane kwanza kwa nini hita ya gari hili ina tabia yake. Injini ya petroli ni jiko linalovuja. Zaidi ya nusu ya nguvu ya mafuta hupotea kama joto, na hita huchota tu joto hilo kwenye maji yanayopoza injini. Ni sawa na kuota moto wa jirani aliyekwisha kupika. Mota ya umeme haipotezi joto jingi hivyo. Joto la abiria lazima litoke kwenye betri ileile inayozungusha magurudumu. Hita inayokula kilowati 3 ikiwaka saa nzima imekula uniti 3, zilezile uniti unazonunua kwa LUKU. Gari dogo linalotumia uniti 15 kwa kilomita 100 litakuwa limepoteza kilomita 20 za safari. Magari mengine yana mtambo unaofanya kazi kama friji iliyogeuzwa, unaochota joto kwenye hewa ya nje na kulisukuma ndani. Huo hauli umeme mwingi hivyo, lakini nao haupati joto bure.

Wito wangu wa kwanza ni kwenu wenye magari. Washeni hita Mei, kabla hamjaihitaji. Feni ikivuma kinyonge, anza na chujio. Vitabu vya magari hutaja kilomita za kulibadilisha, lakini waliovipanga hawakuwa wakiendesha kila siku kwenye vumbi la pembezoni mwa mji wetu. Likague mara kwa mara. Feni isipovuma kabisa, angalia fyuzi yake.

Kama upepo unatoka vizuri ila ni wa baridi, tazama vitufe kabla ya kumtazama fundi. Hali ya kubana matumizi ya umeme hupunguza nguvu ya hita katika magari mengi, na mengine huizima kabisa chaji ikikaribia kuisha ili gari lifike. Magari mengi yaliyotumika huja kutoka Japani yakiwa na maandishi ya Kijapani kwenye kioo cha dashibodi. Elekeza kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri, au mwombe kijana wako wa sekondari akusaidie, ujue kila kitufe kinasema nini. Ukungu ukijaa vioo, acha kuzungusha hewa ileile ya ndani. Ingiza hewa ya nje, washa kiyoyozi pamoja na hita, maana kiyoyozi hukausha unyevu.

Usiisahau pia betri ndogo ya volti 12. Ikichoka, gari huonyesha taa za onyo zisizoeleweka na vifaa hugoma ovyo, watu wakadhani betri kubwa imekufa. Na kama unachaji nyumbani, lipashe gari joto likiwa bado kwenye plagi, ili uniti hizo zitoke ukutani na betri ibaki imejaa. Viti vyenye joto, kama gari linavyo, hula umeme kidogo mno ukilinganisha na kupasha hewa yote. Shuka nalo halili uniti hata moja.

Lakini hata baridi ikizidi, usithubutu kuingiza jiko la mkaa ndani ya gari, hata likiwa limesimama, hata kwa dakika chache, hata kioo kikiwa wazi kidogo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo humlaza mtu usingizi asioamka. Ndivyo ilivyo pia kwa chumba kilichofungwa. Tuwakumbushe walinzi wetu wa usiku na madereva wa malori wanaolala njiani.

Wito wa pili ni kwenu mafundi wetu, mnaobeba mji huu mabegani. Baadhi ya hita hizi hupasha kulanti kwanza, kisha kulanti hupasha hewa. Kulanti ikipungua, ikiingia hewa, au pampu yake ndogo ikifa, ndani kutakuwa baridi ingawa hita ni nzima. Kagueni kopo lake gari likiwa limezimwa na limepoa, na mwongeze aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Maji ya kisima yenye chumvi msiyaweke, yataacha ukoko kwenye mabomba kama yanavyoacha kwenye birika zenu.

Fundi rewaya, fyuzi na nyaya za volti 12 ni zako. Nyaya za chungwa hubeba mamia ya volti. Mwenye kuzigusa ni aliyefunzwa kukata umeme wa betri kubwa, kungoja masalio ya umeme yaishe, kupima, na kuvaa glavu za kuhimili volti 1,000. Fundi friji nawe, kompresa ya umeme hutaka oili yake maalumu isiyopitisha umeme. Ukiiongezea oili uliyozoea, unaweza kuharibu kompresa na kuruhusu umeme uvujie kwenye bodi ya gari.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Fundi anayeogopa kusema "sijui" mbele ya mteja ndiye atakayeugusa waya wa chungwa. Tukubaliane hapa Majengo kwamba neno hilo si aibu, na mteja anayelisikia ashukuru badala ya kubeza.

Wito wa tatu ni wetu sote. Gereji tatu au nne zinaweza kuchanga, kama tunavyochanga kwenye vikoba, zikapata glavu za kweli na mashine moja ya kupimia. Kila gereji ichague kijana mmoja wa kulisomea jambo hili. VETA wapo hapahapa mjini, twende tukawaulize kozi. Nanyi mnaoagiza magari, mpeni mnunuzi kitabu chake na maelezo ya hita kwa Kiswahili, kabla hamjampa ufunguo.

Chujio lile jekundu bado lipo. Fundi amelitundika kwa msumari ukutani, juu ya boksi la spana, na wateja humuuliza ni la nini. Ukipita, muulize. Atakueleza kwa furaha. Kisha muulize kuhusu waya wa chungwa, naye atakujibu bila haya kwamba huo bado anausomea.