Tuwaulize Habari ya Nusu

Tarehe 24 Novemba 2023 wakuu wa Afrika Mashariki waliokutana Arusha waliikubali Somalia iwe mwanachama wa nane wa Jumuiya yetu. Tulifurahi, na tulistahili kufurahi, maana wenzetu walikuwa wakibisha hodi tangu 2012. Lakini aliyekaribishwa ndani huulizwa habari za atokako, nami nauliza habari ya nusu.

Tangu mkutano wa Arta, Djibouti, mwaka 2000, madaraka ya Somalia hugawanywa kwa hesabu ya nne na nusu. Darood, Hawiye, Dir na Digil-Mirifle, kila ukoo hupata fungu zima. Waliobaki wote, wawe wengi kiasi gani, husongamana katika nusu fungu. Siwalaumu waliobuni hesabu hiyo. Walikuwa wakizima moto wa vita uliowaka tangu 1991. Ila kitambaa cha kufungia jeraha hakikuwekwa kiwe ngozi.

Na hao wa nusu ni akina nani? Ni Wabajuni wa Kismayu na visiwa vya Chula na Koyama, ambao mtu wa Lamu huzungumza nao bila mkalimani. Ni watu wa Barawa na lahaja yao ya Chimiini. Ni Wabantu wa bonde la mto Juba, ambao babu zao Wazigua, Wayao na Wamakua walipelekwa huko utumwani katika karne ya 19. Vita vilipowatoa, baadhi yao walifika Handeni wakiwa bado wanasema Kizigua, na Tanzania ikawapa uraia. Basi hawa si wageni wa kuhurumiwa kwa mbali. Ni damu yetu.

Mkataba wa Jumuiya, ibara ya 3, unaitaka nchi inayoomba kuingia ifuate demokrasia, utawala wa sheria na haki za binadamu. Katiba ya muda ya Somalia ya 2012, ibara ya 11, nayo inasema raia wote ni sawa bila kujali ukoo. Machi 2024 Bunge la Mogadishu lilipitisha marekebisho ya kurudisha kura ya kila raia, kura ambayo taifa lile liliipiga kwa uhuru mara ya mwisho mwaka 1969. Nalipongeza kwa moyo mweupe. Hata hivyo, vyama vikiundwa kwa koo zilezile, Mbajuni atakuwa na kura mkononi na asiwe na wa kumpa. Sheria na imtengee viti vyake, na Wabantu wa Juba warudishiwe mashamba waliyonyang'anywa kwa bunduki.

Kila nchi ya Jumuiya hupeleka wabunge tisa katika Bunge la Afrika Mashariki, Arusha. Gawanya tisa kwa nne na nusu: kila ukoo mkubwa wawili, na jamii zote za nusu, kwa umoja wao, mmoja. Ibara ya 50 ya Mkataba inataka wabunge hao waakisi vyama, mielekeo na makundi maalumu ya nchi yao. Enyi wabunge wetu wa Bunge hilo, simameni muulize kwa Kiswahili, maana hao wa nusu wenyewe watawaelewa: Mbajuni yuko wapi? Mbarawa yuko wapi? Mzigua wa Juba yuko wapi?