Mgeni Aliyeshika Jembe

Ndugu wasomaji, wazee wetu walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wako wanaoichukua methali hii kuwa ni njia ya adabu ya kumfukuza mgeni. Mimi naiona kuwa ni ya kumkaribisha, kwa maana apewaye jembe amekwisha kuhesabiwa miongoni mwa watu wa nyumbani. Maisha ya marehemu Remmy Ongala yanatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Jina lake kamili lilikuwa Ramadhani Mtoro Ongala, naye alizaliwa mwaka 1947 upande wa Kindu, mashariki ya Kongo. Alifiwa na wazazi wake wote wawili angali kijana, akashika gitaa kuwa ndiyo kazi yake. Mwaka 1978 mjomba wake, Mzee Makassy, alimwita Dar es Salaam aingie katika bendi yake, Orchestra Makassy. Baada ya miaka michache alijiunga na Matimila, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Super Matimila.

Siku hizo muziki wa Kongo ulipendwa kila mahali, na mwimbaji wa Kilingala hakukosa wasikilizaji. Remmy angeweza kula jasho la sifa ya kwao. Lakini alichagua kuwaimbia wenyeji wake kwa Kiswahili, akayasema yaliyowakera: umaskini, kifo, na mnyonge anyimwaye haki. Watu wakamwita Dokta. Mwaka 1988 alizuru Ulaya na tamasha la WOMAD, na mwaka 1989 ikatoka huko Uingereza sahani yake iitwayo Songs for the Poor Man, yaani nyimbo za mtu maskini.

Mwaka 1990, wakati wengi waliona haya kuutaja UKIMWI, yeye alitunga Mambo kwa Soksi, akiwahimiza watu watumie kondomu. Redio ya taifa haikukubali kuupiga wimbo huo, lakini wananchi waliusikia. Mgeni asiyewajali wenyeji wake hathubutu kuwaambia neno zito kama lile. Remmy alifariki Desemba 2010, na hata leo kituo cha basi huko Sinza, Dar es Salaam, huitwa kwa Remmy.

Nimeyaeleza haya kwa sababu familia za askari hapa Uganda zajua ugeni kuliko familia nyingine. Leo mume yuko Gulu, mwakani atahamishiwa Mbarara, na watoto hubadili shule kama wabadilivyo viatu. Basi wengine wetu hujifariji kwa kusema, "Sisi ni wapitaji tu," wakaishi miaka mitatu pasipo kujua salamu ya jirani aliye nje ya ua. Mtoto aliyelelewa hivyo hukua bila kwao, na baba afikapo siku ya kustaafu hakuna mtaa umjuao.

Mama, ukifika kituo kipya, mfundishe mtoto salamu ya mahali hapo kabla hujafungua masanduku yote. Nenda msibani kwa jirani. Mwenye sauti aimbe katika kwaya ya mtaa, na mwenye mguu acheze mpira na vijana wa nje. Hilo ndilo jembe letu.

Nanyi ndugu zetu wa polisi na wa mipakani, mara nyingi mgeni hukutana nanyi kwanza kabla ya kukutana na mwenyeji mwingine yeyote. Hati zake zikagueni kama sheria itakavyo, lakini msimdhalilishe. Huenda ndani ya mfuko wake uliochakaa mna gitaa, na huenda kesho akawaimbia wanenu maneno ambayo sisi wenyeji tuliogopa kuyasema.

Hadi juma lijalo, kaeni kwa amani.