Sikio na Mrija Wake

Sisi wa Uyole tushukapo Kyela, gari likiisha kuipita Tukuyu masikio huziba. Mtu akameza mate, yakazibuka. Tumetoka kadiri ya mita 1,800 juu ya bahari kwenda karibu na 500, na hewa ya chini, iliyo nzito, huisukuma ngoma ya sikio kwa ndani. Nyuma ya ngoma mna chumba kidogo chenye mifupa mitatu: nyundo, fuawe na kikuku. Hiyo hupokezana mtikisiko wa sauti hata ufike sikio la ndani, lililojizungusha kama kombe la konokono. Chumba hicho kina mrija ushukao nyuma ya pua, nao hufunguka tumezapo.

Kwa mtoto mrija huo ni mfupi, tena umelala. Kwa hiyo mafua ya miezi ya baridi huupanda upesi, chumba kikajaa maji au usaha. Mifupa ikaelemewa, mtoto asisikie vema. Naye chuoni huitwa mkaidi, akapigwa! Walimu wenzetu, kabla ya kushika bakora tumwulize mzazi habari za masikio yake. Sikio litokalo usaha lipelekwe hospitali. Njiti ya kiberiti, waipendayo mno mabibi zetu, hutoboa ngoma, na mafuta ya moto huunguza.