Mtoto Mchanga Hana Saratani

Siku hizi vipimo vya "alama za saratani" vinauzwa pamoja na uchunguzi wa mwili mzima. Karatasi inarudi na herufi tatu, AFP, mbele yake tarakimu, na pembeni kijiherufi H kuonyesha kwamba imepanda. Mwenye karatasi haulizi zaidi. Anarudi nyumbani ameshajihukumu: ini limekwisha. Mwenzake aliyetoka na tarakimu ndogo anatembea kifua mbele.

Wote wawili wamedanganyika kwa jambo moja, kudhani kwamba saratani ina muhuri wake.

AFP ni alfa-fetoprotini, protini ya kijusi. Mimba ikifika wiki ya 13 hivi, ini la kijusi huitengeneza kwa wingi hata damu yake ikawa na nanogramu zinazokaribia milioni 3 kwa kila mililita. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hana hata 10. Mtoto huzaliwa bado anazo kwa makumi ya maelfu, zikapungua polepole katika miezi ya kunyonya. Basi kama AFP ingekuwa muhuri wa saratani, watoto wote wa wodi ya wazazi wangehamishiwa kwa daktari wa saratani, na mama zao wangefuata, maana mjamzito naye AFP yake hupanda.

Garri Abelev na wenzake walionyesha mjini Moscow mwaka 1963 kwamba uvimbe wa ini la panya ulikuwa ukitoa protini hiyo ya kijusi. Mwaka uliofuata Yuri Tatarinov akaikuta katika damu ya binadamu mwenye saratani ya ini. Saratani haikubuni kitu. Jeni ya AFP imo katika kila seli, ila baada ya kuzaliwa hufungwa. Seli ya uvimbe huifungua tena. Chukua kipande cha ini la kijusi na kipande cha uvimbe unaotoa AFP, uvitie kingamwili yenye rangi, uvitazame kwa hadubini: kahawia ile ile.

Na si uvimbe peke yake unaoifungua. Ini lililochubuliwa na homa ya ini B, likawa linajijenga upya, nalo huitoa. Kinyume chake, takriban theluthi moja ya saratani za ini hazipandishi AFP kabisa. Huyo wa kifua mbele asijisahau, hasa kama amekula miaka mingi mahindi na karanga zenye sumukuvu.

Nitaambiwa: mbona madaktari wanaitumia? Wanaitumia, na wana haki. Kwa uvimbe fulani wa korodani au ovari, AFP hupimwa kabla na baada ya upasuaji. Inatakiwa ipungue kwa nusu kila baada ya siku 5 hadi 7. Ikigoma kushuka, kuna masalia. Lakini hapo inafuatwa wiki hadi wiki kwa mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshajulikana. Haiokotwi mara moja kwa mtu aliyepita dukani kununua kifurushi.

Mwenye homa ya ini B aliyeambiwa ini lake limeota makovu, fedha ya kifurushi hicho aipeleke kwenye ultrasaundi ya ini kila baada ya miezi 6. AFP ifuatane nayo, isiitangulie.