Neno "Jazz" Lilikuwa Ari Kabla ya Kuwa Muziki

Wako watu wanaozicheka bendi zetu za zamani. Watakuambia kuwa Shirati Jazz walipiga benga wala si jazz, na kwamba Morogoro Jazz, alikopigia gitaa marehemu Mbaraka Mwinshehe, walikuwa watu wa rumba. Basi jina hilo walilitoa wapi? Kwa maoni ya wajuzi hawa, wanamuziki wetu waliokota neno la Kimarekani barabarani wakalivaa bila kujua maana yake. Mimi nasema wanaocheka ndio wasioijua historia ya neno hilo.

Hebu turudi California mwaka 1912. Mchezaji wa besiboli aitwaye Ben Henderson, mrushaji wa timu ya Portland, aliliambia gazeti la Los Angeles Times kuwa ana namna yake mpya ya kurusha mpira. Aliuita mpira wa jazz, kwa sababu ulikuwa ukiyumbayumba hata mpigaji asiweze kuufanya lolote.

Machi mwaka 1913, timu ya San Francisco Seals ilipiga kambi ya mazoezi huko Boyes Springs, penye chemchemi za maji moto. Mwandishi wa michezo wa gazeti la San Francisco Bulletin, Scoop Gleeson, akawa analitumia neno jazz katika habari zake. Tarehe 6 mwezi huo aliwaeleza wasomaji maana yake: ule uhai, ule uchangamfu, ule moto unaomfanya mchezaji ajitume. Kwa Kiswahili tungesema ari, au tungesema vijana wamepandwa na mori. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 5 Aprili, Ernest Hopkins aliandika makala nzima katika gazeti hilo hilo kulisifu neno hili jipya. Aliorodhesha maana zake nyingi: nguvu, furaha, ujasiri na kadhalika. Muziki haukuwamo katika orodha hiyo.

Na muziki wenyewe je? Ulikuwako tayari huko New Orleans, mikononi mwa watu weusi, na wengi wao waliuita ragtime. Neno jazz lilikuja kuonekana likihusishwa na muziki katika magazeti ya Chicago mwaka 1915. Mwaka 1917 bendi ya Wazungu kutoka New Orleans, Original Dixieland Jass Band, ikatoa sahani ya kwanza yenye jina hilo, na sahani hiyo ikanunuliwa sana. Hapo jina likaganda.

Ndiyo sababu baadhi ya wanamuziki weusi hawakulipenda. Duke Ellington hakutaka kazi yake ifungiwe ndani ya neno hilo, na siwezi kumlaumu. Mtoto alikuwa wao, jina wakapewa na wengine. Wapo pia wanaodai kuwa neno lenyewe lilitoka Afrika. Ushahidi wa kutosha haujaonekana, na kwa maoni yangu hatuna haja ya kuling'ang'ania. Muziki ulitokana na jasho la wajukuu wa Afrika. Hiyo ni fahari tosha.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 1956 Franco na wenzake walipoanzisha OK Jazz katika mji unaoitwa leo Kinshasa, sidai kwamba walikuwa wamesoma magazeti ya San Francisco. Bendi zetu zilipojiita jazz zilimaanisha bendi ya kisasa, yenye magitaa na tarumbeta, inayoweza kuuamsha ukumbi mzima hadi alfajiri. Kwa miguu yao wenyewe walifika pale pale neno lilipoanzia: kwenye moto na uchangamfu. Aliyewahi kusikia gitaa la benga likipanda, huku wachezaji wakisahau uchovu wa wiki nzima, atajua kuwa jina hilo halikuwa la bandia.

Neno halina hati ya kumiliki kama shamba. Hutembea, likabadili nguo, na pengine likarudi katika maana yake ya kwanza mahali ambapo hakuna aliyelitarajia. Kwa hiyo ukikutana tena na mjuzi anayecheka jina la Shirati Jazz, muulize kwanza: ari walikuwa nayo au hawakuwa nayo? Akikubali kuwa walikuwa nayo, basi jina walilistahili.