Damu yako na kipimo kipya cha saratani

Msomaji, huenda umesikia kwamba siku hizi saratani yaweza kutambuliwa kwa kupima damu tu, bila kukatwa nyama wala kupigwa picha. Kitu kinachotajwa sana ni maikro-RNA. Wagonjwa wameanza kuniuliza habari zake, nami huwaambia wasiharakishe kutoa pesa.

Maikro-RNA ni nyuzi fupi mno, zenye herufi 22 hivi za urithi, na kazi yake ni kudhibiti kiasi cha protini zinazotengenezwa na jeni zetu. Waliozigundua katika mnyoo mdogo, Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, walichapisha matokeo yao mwaka wa 1993, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2024. Mwaka wa 2008 watafiti walionyesha kwamba zile zinazotoka kwenye uvimbe wa saratani hupatikana katika maji ya damu, yaani plazma. Hapo ndipo tumaini lilipozuka, na si tumaini la bure.

Shida ni kwamba chembechembe nyekundu za damu nazo zimejaa maikro-RNA. Sindano ikiwa nyembamba mno, au chupa ikitikiswa kwa nguvu, au damu ikikaa saa nyingi kabla ya kuzungushwa kwenye mashine ili plazma itengwe, chembechembe hizo hupasuka na kumwaga vilivyomo. Zile ziitwazo miR-16 na miR-451 hupanda mara moja. Mashine haiwezi kujua zimetoka wapi. Yenyewe huhesabu tu. (Hata kipimo cha kawaida cha potasiamu huharibika kwa njia hiyo hiyo.) Baya zaidi, plazma yaweza kuonekana safi machoni ilhali imekwisha kuchafuka.

Tena maabara nyingi zilikuwa zikitumia hiyo hiyo miR-16 kama kipimo cha kulinganishia. Ni sawa na muuza sukari ambaye jiwe lake la mizani hubadilika uzito kila asubuhi. Mwaka wa 2012 watafiti wa Marekani walipitia alama 79 za maikro-RNA zilizokuwa zimetangazwa kuwa za saratani, wakakuta 46 zimo kwa wingi katika chembechembe za damu zenyewe.

Chupa nayo ina mambo yake. Ile yenye dawa ya heparini huzuia vimeng'enya vinavyotumika kupimia. Yafaa ile ya EDTA, yenye kifuniko cha zambarau. Na maabara mbili zikitumia mashine tofauti, damu ile ile yaweza kutoa majibu mawili.

Sasa fikiria damu iliyotolewa katika kliniki ya mtaani asubuhi, ikashinda kwenye joto, ikafika maabara kuu jioni. Ukiambiwa una dalili za saratani, utalala vipi usiku huo? Na ukiambiwa huna chochote, ilhali una uvimbe titini, je, utarudi kwa daktari?

Kwa hivyo ukiuziwa kipimo hiki, uliza damu itakaa muda gani kabla ya kuzungushwa, na kama watachunguza iwapo chembechembe zimepasuka. Uliza pia, kati ya watu 100 walioambiwa wana dalili, ni wangapi waliothibitishwa kuwa na saratani. Wakati huo huo, mama aliye na umri wa miaka 30 na zaidi ana kipimo cha virusi vya HPV, kilichokwisha kuthibitishwa kwa saratani ya mlango wa kizazi. Wengi wenu hamjakifanya.